“Wamekula hela”: maneno mawili yanayoficha mambo matatu

Mwezi uliopita, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Tabata, iliingia picha ya mtoto amelala kitandani na mpira wa oksijeni puani. Chini yake maelezo ya mistari minne: mtoto ana tundu kwenye moyo, anahitaji upasuaji, familia haina uwezo, tuma chochote ulichonacho kwenye namba hii. Watu wakaanza kutuma elfu mbili, elfu tano, wengine wakiandika “Mungu amponye”. Katikati ya dua hizo, mama mmoja anayeuza maandazi karibu na kituo cha daladala akaandika sentensi moja: “Jamani, ile hela tuliyochanga mwezi wa tatu iliishia wapi?”

Kimya. Dakika kama ishirini hivi hakuna aliyeandika kitu. Kisha kijana mmoja akamjibu kwa ukali kwamba mtoto anaumwa na yeye analeta mambo ya hesabu. Wengine wakawa upande wa kijana, wengine upande wa mama, na ilipofika saa nne usiku mazungumzo yalishahama kabisa: mara NGO zote ni ulaji, mara michango ya tetemeko la Kagera, mara fedha za Wamarekani, mara ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kila mtu alikuja na mfano wake, na kila mfano ukaishia pale pale: wamekula hela.

Nimefanya kazi ya uhasibu kwenye mashirika madogo ya kijamii kwa miaka kadhaa, na naona swali la yule mama lilikuwa la haki kabisa. Anayetoa elfu mbili kutoka kwenye mtaji wa unga na mafuta ana haki ya kujua ilikokwenda, sawa na balozi anayesaini mkataba wa mabilioni. Kilichonisumbua ni hilo “wamekula”. Neno hili tumelibebesha mizigo mitatu isiyofanana, na tusipoishusha mmoja mmoja tutaendelea kumtukana mwaminifu na kumwachia mwizi nafasi ya kujificha nyuma yake.

Mzigo wa kwanza ni gharama za uendeshaji, yaani hela inayotumika ili kazi yenyewe iwezekane: kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu, mafuta ya gari, makato ya muamala. Wa pili ni kubadili matumizi: hela ilichangwa kwa jambo fulani, ikaenda kufanya jambo jingine, pengine jambo zuri tu, lakini aliyetoa hakuulizwa. Wa tatu ni wizi, ambao hauhitaji maelezo.

Kuna maneno mengine mawili ya kutenganisha. Mchango ni hela unayotoa kwa hiari yako, kubwa au ndogo, kwa kuamini maelezo uliyopewa. Ruzuku ni hela ambayo serikali au mfadhili analipa shirika kwa mkataba, ili lifanye kazi maalumu kwa bajeti na muda uliopangwa. Shirika moja linaweza kuwa na vyote viwili, na mara nyingi ruzuku haiguswi kwa kazi nyingine hata kama ofisi imekatiwa umeme. Ndiyo maana unaweza kukuta shirika lina mamilioni benki na bado linadaiwa kodi ya pango. Kwa mtu wa nje hilo linaonekana kama uongo, lakini mara nyingi ni kweli.

Kamati ya harusi inajua haya yote

Hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayehitaji kufundishwa uhasibu wa michango, kwa sababu sote tumeshakaa kwenye kamati ya harusi. Tuseme bajeti ni milioni 15. Mwenyekiti anasimama anasoma: ahadi zimefika milioni 13. Watu wanapiga makofi. Halafu mweka hazina anafungua daftari: taslimu ni milioni 7 na laki mbili. Ahadi na taslimu ni vitu viwili, na wote ukumbini wanalijua hilo. Hakuna anayesema mweka hazina amekula milioni tano na ushee.

Sasa peleka akili hiyo kwenye taarifa ya habari. Unasikia nchi fulani “imetoa” dola milioni kadhaa kwa afya Tanzania. Mara nyingi hiyo ni ahadi ya miaka mitano, si hela iliyoshuka uwanja wa ndege wiki hiyo. Sehemu yake ni dawa na vipimo vilivyonunuliwa huko huko nje na kuletwa kwa meli. Sehemu ni mishahara ya wataalamu na gharama za makao makuu ya shirika la kule lililopewa mkataba, ambalo nalo hugawa kazi kwa shirika la hapa, na hilo la hapa hugawa kwa kikundi cha wilayani. Kila ngazi ina ofisi na mhasibu wake. Inapofika kwa mgonjwa wa Manzese, kiasi kilichotajwa redioni kimeshapita mikono minne na mitano.

Haya tuliyaona wazi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, Rais Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Miradi mingi haikurudi, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, likafungwa rasmi. Marekani ilikuwa imegharamia huduma za VVU hapa kwetu kupitia mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003. Watumishi waliolipwa na miradi wakaambiwa wakae nyumbani. Mtaani swali likawa: mabilioni yote yale serikali iliyapeleka wapi? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya hela hizo haikuwahi kupita Hazina. Ilitoka kwa mfadhili ikaenda moja kwa moja kwa mashirika yaliyoshinda zabuni. Huwezi kumdai mweka hazina wa kamati hela ambayo mjomba wa bibi harusi alimlipa mwenye ukumbi mwenyewe. Unaweza kudai kujua kama ukumbi ulilipwa, na hapo ndipo tulipokuwa wazembe miaka yote: tulisikia kiasi, hatukuuliza njia.

Kamati ya harusi inatufundisha jambo jingine pia. Mweka hazina akisema laki tatu zimekwenda kwenye kuchapa kadi na elfu themanini kwenye nauli ya kuzisambaza, wajumbe wanatikisa kichwa kukubali, kwa sababu bila kadi hakuna ahadi. Lakini shirika likisema asilimia kumi na tano imekwenda kwenye uendeshaji, mtu yule yule anasema wamekula.

Nauli ya mgonjwa

Pale Msasani kuna CCBRT, shirika la Kitanzania lililoanzishwa mwaka 1994, lenye hospitali inayotibu, pamoja na mengine, fistula ya uzazi, yaani tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu. Matibabu ya fistula pale ni bure. Hata hivyo wanawake wengi wa mikoani hawakuwa wakifika, kwa sababu basi la kuja Dar es Salaam halikuwa bure. Mwanamke ambaye mkojo unamvuja mchana na usiku, aliyeachwa na mume, anaitoa wapi nauli? Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi wa kujitolea aliyeko karibu na mgonjwa anapokea hela kwenye simu, anakata tiketi, anampandisha basi. Mgonjwa akifika hospitali, balozi naye anapata kifuta jasho.

Hebu niambie: nauli ile, makato ya muamala, kile kifuta jasho, na mshahara wa mtu anayekaa na simu kufuatilia basi limefika wapi, ni hela ya mgonjwa au ni hela ya ofisi? Mhasibu mmoja ataiandika kwenye safu ya huduma, mwingine ataiandika kwenye safu ya uendeshaji, na wote wawili watakuwa na hoja. Ila bila hela hiyo chumba cha upasuaji kinabaki kinasubiri mtu ambaye hatafika.

Hospitali hiyo hiyo huwachanganya watu kwa jambo jingine: inatoza wenye uwezo. “Kama ni ya msaada mbona tunalipa?” Kwa sababu hela ya anayeweza kulipa inasaidia kumhudumia asiyeweza. Shirika lisilogawana faida si lazima liwe shirika lisiloingiza hela. Tofauti yake na duka ni kwamba kinachobaki hakiendi kwa wenye hisa, kinarudi kwenye kazi.

Mfano mwingine, huu ni wa kutunga. Mashirika mawili yamepokea milioni 10 kila moja kwa ajili ya madawati ya shule ya msingi huko Mbagala, na dawati moja ni laki moja. Shirika la kwanza linatangaza kwa fahari kwamba halikutumia hata senti kwenye uendeshaji: madawati 100, hela yote kwa watoto. La pili linaleta madawati 82, na milioni moja na laki nane limelipia usafiri na mtu aliyekwenda mara tatu kwa fundi kukagua mbao na gundi. Ukitazama asilimia, la kwanza ni malaika. Rudi baada ya mwaka. Kama mbao za kwanza zilikuwa mbichi na hakuna aliyekwenda kuzikagua, watoto wamerudi sakafuni, na hela yote imeteketea kwa uaminifu mkubwa.

Hili si wazo langu peke yangu. Mwaka 2013 wakuu wa taasisi tatu za Marekani zinazowasaidia wachangiaji kuyapima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wakiwaambia kwamba asilimia ya gharama za uendeshaji, ikitazamwa peke yake, ni kipimo kibovu cha ubora wa shirika. Taasisi zenyewe zilikuwa zimezoeleka kwa kutazama takwimu za namna hiyo, kwa hiyo maneno yao yana uzito.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila gharama ya ofisi ni takatifu. Asilimia hiyo hiyo inaweza kupikwa, na sisi tulio ndani tunajua inavyopikwa. Semina ya siku tatu hotelini, ukumbi, chai mbili na chakula cha mchana, begi na kalamu, posho ya kujikimu kwa waliotoka nje ya mji na posho ya kikao kwa waliotoka mtaa wa pili, vyote vinaandikwa “kuwajengea uwezo walengwa”. Kwenye ripoti hiyo ni huduma, haimo kabisa kwenye uendeshaji. Mlengwa mwenyewe amepata nakala ya mada na nauli. Nimeona karatasi za mahudhurio zenye majina ya watu wale wale kwenye semina za mashirika matatu tofauti mwezi mmoja. Kwa sheria hakuna aliyeiba. Kwa dhamiri, mimi naita hasara. Kwa hiyo ukiambiwa “asilimia tisini inakwenda kwa walengwa”, swali zuri ni: inawafikia ikiwa imegeuka kitu gani?

Hela iliyobadilishiwa njia

Mzigo wa pili ndio unaoumiza imani ya watu kuliko tunavyokiri, kwa sababu anayebadili matumizi mara nyingi anajiona yuko sahihi.

Chukua mgonjwa aliyechangiwa milioni sita za matibabu, akafariki zikiwa zimetumika milioni mbili. Nne zinazobaki ni za nani? Familia itasema zigharamie msiba. Mwingine atasema apewe mgonjwa mwingine wodi hiyo hiyo. Yote mawili ni mema. Lakini mimi nilitoa kwa ajili ya matibabu, na nikisikia zimenunua matenki ya maji ya msibani bila mtu kuniambia, safari ijayo mkono wangu utakuwa mzito. Dawa yake ni sentensi moja inayoandikwa mwanzoni kabisa: ikibaki, itafanya hivi.

Mashirika makubwa nayo hujikwaa hapo hapo. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianzisha mfuko maalumu na watu wakachanga zaidi ya dola milioni 500. Viongozi wakapanga kutenga sehemu ya hela hiyo kwa mahitaji mengine, ikiwemo akiba ya damu na maandalizi ya mashambulizi ambayo yangeweza kuja. Kiutendaji ni mpango wenye mantiki. Wananchi wakawaka: tulitoa kwa ajili ya wajane na yatima wa Septemba 11. Mkuu wa shirika akatangaza kujiuzulu mwezi Oktoba, na katikati ya Novemba shirika likabadili msimamo na kusema hela yote ya mfuko itakwenda kwa walioathirika. Hakuna aliyetuhumiwa kutia hela hiyo mfukoni. Kosa lilikuwa ni kuamua peke yao jambo walilopaswa kuliamua pamoja na waliotoa.

Kwetu tuna Kagera. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na nchi nzima ikachanga. Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda huko na kuwaambia wananchi kwamba serikali haitawajengea nyumba mmoja mmoja. Kipaumbele kingekuwa miundombinu na taasisi za umma. Shule na hospitali zinahudumia wengi, hoja hiyo naielewa. Lakini mtu aliyetuma elfu kumi kutoka Kariakoo alituma akimwona kichwani bibi aliyelala chini ya mwembe na wajukuu, hakuwa akiwaza bweni la sekondari. Hadi leo, miaka mingi baadaye, ukipitisha bakuli la maafa hapa Dar mtu atakutajia Kagera. Maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023 yalikwenda tofauti, waliopoteza makazi wakajengewa nyumba, ila jambo jema halitembei haraka kama jambo lililouma.

Risiti zangu

Kuhusu mzigo wa tatu nitaanza na kosa nililolishiriki. Kwenye shirika moja nililofanyia kazi, dogo tu, tulikuwa na wahamasishaji wanaozunguka Temeke na Kigamboni kwa daladala, bajaji na bodaboda. Hakuna konda wala bodaboda anayetoa risiti. Mfadhili anataka risiti kwa kila shilingi. Basi mtu mmoja akawa anakwenda Kariakoo kununua vitabu vya risiti vitupu, tunakaa Ijumaa jioni tunajaza: elfu tatu, elfu mbili na mia tano, sahihi za kubuni, kalamu za rangi tofauti. Hela yenyewe ilikuwa imetumika kweli kweli. Nauli zile zililipwa. Karatasi ndiyo ilikuwa uongo.

Mkaguzi alipokuja alizipanga mezani risiti za miezi mitano, akaonyesha kwa kidole kwamba namba zake zinafuatana, wakati eti zilitoka kwa waendesha bodaboda kumi na wawili. Sikuwa na la kusema. Alituambia jambo ambalo sijalisahau: fomu ya malipo ya nauli yenye jina, tarehe, njia, kiasi, sahihi ya aliyesafiri na ya msimamizi ingetosha, mfadhili alikuwa tayari kuikubali, hatukumuuliza. Halafu akasema kwamba kwa njia ile ile tuliyofichia hela iliyotumika vizuri, mtu atakayekuja kuiba atapita salama, kwa kuwa risiti zake zitafanana na zetu. Na ikawa hivyo. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja aliandika safari ambazo hazikuwahi kufanyika, na ilichukua miezi kugundua.

Ndiyo maana, nikiombwa kusema shirika au kamati ipi ni ya kuaminiwa, sitazami kwanza uso wa kiongozi wala picha za watoto. Nauliza kama anayeamua matumizi, anayeshika hela na anayekagua ni watu tofauti. Akaunti ina watia saini wawili au zaidi, au mmoja? Namba ya kutumia inaleta jina la shirika au jina la mtu binafsi? Kabla hujathibitisha muamala simu inakuonyesha jina. Hiyo ni kinga ya bure, na tunaipita kwa haraka kila siku. Pale ambapo mtu mmoja ndiye mwenyekiti, ndiye mweka hazina na ndiye mwenye laini, huhitaji kumtuhumu kwa lolote. Mwambie tu atafute mwenzake.

Hati safi si cheti cha utakatifu

Kila mwaka CAG humkabidhi Rais ripoti kufikia mwisho wa Machi, na Aprili zinafika bungeni. Siku hizo mitandaoni kunakuwa na makosa mawili yanayopishana njia. Wengine wanasema “halmashauri yetu ina hati safi, kwa hiyo hakuna wizi.” Wengine wanachukua jumla ya hoja zote za ukaguzi na kusema “mabilioni haya yameibwa.”

Hati safi, inayoitwa pia hati inayoridhisha, maana yake mkaguzi ameona vitabu vya hesabu vinaonyesha hali halisi kwa viwango vya uhasibu, bila dosari kubwa. Mkaguzi hapitii kila risiti, anachagua sampuli. Kisima kinaweza kuwa kimeandikwa vizuri, kimelipwa vizuri, kina nyaraka zote, na bado hakitoi maji. Kujua kama kisima kinatoa maji kunahitaji ukaguzi wa aina nyingine, ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG pia hufanya kwenye baadhi ya maeneo. Nayo hoja ya ukaguzi ni swali linalodai jibu: hati ya malipo haikuonekana, zabuni haikufuata utaratibu, deni halijakusanywa. Baadhi ya hoja ni wizi mtupu. Nyingine ni faili lililokuwa kabati jingine.

Shirika linaweza pia kuanguka bila mwizi ndani yake. Kids Company, shirika la hisani la London lililosaidia watoto wenye maisha magumu, lilipokea zaidi ya pauni milioni 40 za umma kwa miaka mingi, na likafungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupewa pauni milioni 3 nyingine na serikali. Watu walisema imeliwa. Kesi ya kutaka wadhamini wake wazuiwe kuongoza kampuni ilifika Mahakama Kuu, na Februari 2021 ikatupwa. Tatizo lao kubwa lilikuwa kutokuwa na akiba: kila kilichoingia kilitoka. Sisi huku tunalishambulia shirika lenye akiba ya miezi sita kwamba “limekalia hela za maskini”. Bila akiba hiyo, mfadhili akichelewa mwezi mmoja, dawa zinakatika.

Mlango upi wa kugonga

Kwa Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali yako chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2005 na 2019, na Msajili wake yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Taasisi za dini na vyama vya kijamii viko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Zanzibar wana utaratibu wao. Kwa hiyo mtu akikuambia “tumesajiliwa”, muulize wapi, kisha mwombe namba ya usajili.

Sheria hiyo inalitaka kila shirika liandae ripoti ya kazi zake kila mwaka, na ripoti hiyo ipatikane kwa umma. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba lenye kupokea zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze hadharani mapato na matumizi yake. Ni wachache sana wanaokwenda kuiomba ripoti. Nilipokuwa ofisini, kwa miaka yote ile hakuna mwananchi hata mmoja aliyegonga mlango kuuliza. Wafadhili waliuliza, Msajili aliuliza. Watu tuliokuwa tukiwafanyia kazi hawakujua kwamba wanaruhusiwa.

Na lile la “NGO hazilipi kodi” si kweli kwa namna linavyosemwa. Usajili pekee hauleti msamaha. Shirika lazima litambuliwe na Mamlaka ya Mapato (TRA) kama taasisi ya hisani kwa masharti yake, na hata likitambuliwa, wafanyakazi wake wanakatwa kodi ya mshahara kama wengine. Inapoingia fedha ya umma, sheria inampa CAG nguvu ya kuifuata hadi ilikoingia.

Narudi Tabata. Asubuhi baada ya ule ugomvi, baba mdogo wa yule mtoto alijiunga na kundi. Hakulalamika. Alituma picha ya ankara ya hospitali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, akaandika kwamba anayeweza alipie hapo moja kwa moja na ile laini ya kwanza isitumike tena. Zilizokwisha kuingia kwenye laini akaziorodhesha jina kwa jina, laki nne na elfu kumi na saba, akaomba watu wawili wa mtaa waende naye kulipa. Mmoja wao alikuwa mama wa maandazi. Walirudi na risiti, ikapigwa picha ikiwa imewekwa juu ya meza yake ya maandazi, na kwenye orodha zilibaki elfu ishirini na tatu ambazo kundi zima likakubaliana ziwe nauli ya kliniki.

Watu wakampongeza sana mama wa maandazi. Yeye akajibu: “Asanteni. Ya mwezi wa tatu bado nasubiri.”